Tumbili wa Bati Nyuma ya Kikwembe

Nyumbani kwa baba yangu ukutani kulikuwa na picha moja tu, na katika picha ile miye sina kichwa. Ninasema kweli. Baba ana kichwa, mama ana kichwa, dada zangu watatu wana vichwa na utepe juu yavyo, hata jogoo aliyepita nyuma ana kichwa chake kizuri kabisa. Miye nina suruali fupi, nina mikono, halafu juu ya kola unaona moshi.

Mpiga picha alifika kambi yetu ya Panda, mjini Likasi, na baiskeli na sanduku lake la miguu mitatu. Akajifunika kitambaa cheusi, akasema, "Mutoto, usitikisike." Sasa weye mwambie mtoto wa miaka sita asitikisike! Sikio likaanza kuwasha pale pale. Nikageuka kidogo tu. Picha ilipoletwa mama alilia, akasema watu watafikiri amezaa mzimu. Mpiga picha akajitetea: "Mama, kintu yenye kutembea mashini yangu haiikamate. Lazima isimame kwanza." Baba akaitundika hivyo hivyo, na kila mgeni aliyeuliza alimjibu, "Huyo bado hajafika."

Ninalikumbuka neno la mpiga picha kwa sababu maisha yangu yote nimekula kwa vitu visivyosimama. Shule ya watawa ilinishinda darasa la nne, na kosa si la watawa. Nikaingia kampuni ya shaba kwa kazi ya kufagia, halafu wakanipandisha juu, juu kweli, kwenye ponti. Ponti ni ile mashine inayotembea juu ya reli karibu na dari ya karakana, inashusha ndoano kwa kamba za chuma, na mtu mmoja anakaa kule ndani ya kibanda kama ndege. Ndege huyo nilikuwa miye, miaka kumi na tisa.

Ukibeba mzigo na ponti ukasimama ghafla, mzigo unabembea. Mgeni wa kazi anaufukuza. Ukienda kulia, naye kulia, ukirudi kushoto, naye kushoto, na mzigo unazidi kucheza mpaka watu wa chini wanakimbia. Mzoefu hafukuzi. Kitu kinachobembea kikifika mwisho wake kinasimama kidogo, kama mtu aliyetoka nyumbani akakumbuka ameacha ufunguo. Pale pale unaleta ponti juu yake, nacho kinatulia. Hii kazi niliipenda, hata sasa mikono inaikumbuka ninapokamata kikombe. Lakini ninaanza kupotea.

Miaka ile ya tisini kila mtu wa Likasi anaijua. Mashine zilisimama moja moja, ponti yangu nayo ikasimama, ndoano ikabaki inaning'inia kama alama ya kuuliza. Posho ya unga wa bukari, ndiyo ugali wetu, ikawa hadithi. Mke wangu alikaanga mikate mbele ya nyumba, na miye kazi yangu ilikuwa kupuliza moto. Nilipuliza vizuri. Ila mwanaume hasifiwi kwa kupuliza.

Mama mkwe wangu alikaa Kakanda. Alikuja mara ya kwanza akachukua watoto wetu wawili, ati wanone kidogo. Akarudi tena mwezi uliofuata, amevaa kikwembe chake, kitenge cha kijani chenye picha za miavuli myekundu, akakaa jikoni, akamwambia mke wangu kwa sauti ya kunifikia miye uani:

"Ambia bwana yako. Yenga ikifika na kazi hana, na weye ninakubeba."

Ilikuwa Alhamisi. Yenga, ndiyo Jumapili, ilikuwa karibu sana.

Alisema na mke wangu badala ya kusema na miye kwa sababu kwetu mkwe na mama mkwe hawasemezani uso kwa uso. Akija njiani, weye unaingia majanini. Hukalii kiti alichokalia, hugusi nguo yake, humnyoshei kidole. Miaka kumi na moja ya ndoa nilimjua kwa sauti, kwa kikohozi, na kwa kikwembe kile. Ungeniuliza uso wake ukoje, ningekudanganya.

Ijumaa kazi ikaja yenyewe. Mzee mmoja mwenye shamba la mahindi Kapolowe alitafuta mlinzi. Nyumba ipo, mahindi ya kula yapo, muhogo upo. Shida ilikuwa tumbili. Mlinzi wa kwanza alitumia manati, akamlenga tumbili, akampiga mama mmoja aliyekuwa ameinama anapalilia. Alimpiga pale pale palipoelekea juu. Wanawake wote wakaacha kazi siku nne. Kwa hiyo mzee akasema safari hii hachukui mtu kwa maneno. Ana bunduki ya upepo, ile ya virisasi vidogo tunavyoviita plombi. Anayetaka kazi aje Jumapili baada ya misa, kwenye uwanja ulio chini ya kilima cha taka za tanuru, apige vitu vinavyotembea. Atakayewashinda wenzake atapanda gari pamoja naye, na mke wake na sufuria zake.

Vitu vyenyewe alivitengeneza jirani yangu, fundi wa kuunga chuma, mwenye mdomo mrefu kuliko bomba la karakana. Alikata mabati akapata tumbili watatu wenye mikia, na mama mmoja mwenye jembe. Kisha naye akasimama kwenye foleni ya washindani.

"Weye unazaa batumbili halafu unabaua?" nikamwuliza.

"Minye njo baba yabo," akajibu. "Kila mumoja ninajua namna anatembea. Weye rudia moto yako, shemeji. Mikate itaungua."

Watu wakacheka. Tulikuwa washindani kumi na mmoja, na uwanja mzima ulijaa, maana Jumapili ya njaa ni ndefu.

Tumbili wa kwanza alifungwa kwenye gurudumu la baiskeli, na ubao ulificha nusu ya chini. Anatokea kushoto, anapita juu, anazama kulia. Wenzangu wengi walimfuata na mtutu, wakabonyeza, yeye keshazama. Miye nililenga juu kabisa ya gurudumu, mahali pasipo na mtu, nikangoja. Akaja mwenyewe. Ting!

Wa pili alining'inizwa kwa waya, akasukumwa, akabembea. Huyo alikuwa ndugu yangu wa damu. Nilimngoja mwisho wa bembea, pale anapokumbuka ufunguo wake. Plombi tatu, ting mara tatu.

"Bahati ya kipofu!" akapiga kelele fundi.

"Basi nenda ukatoboe macho, na weye upate," akamjibu mama mmoja muuza mihogo. Nilimpenda mama yule.

Wa tatu alikimbia juu ya waya mrefu, akivutwa kwa kamba na mzee mwenyewe aliyejikunyata shimoni pembeni, nyuma ya mifuko ya mchanga. Hapa niseme ukweli, niliaibika. Huyu hana mwisho wa kungojea. Ukilenga mahali, hafiki, mzee amepumzika. Ukimfuata, ukibonyeza mkono unasimama, na plombi inapita penye mkia. Nilipata moja kati ya tatu. Fundi alipata zote. Baadaye nilielewa ufundi wake. Anaanza nyuma ya tumbili, anamfikia, anampita pua, anabonyeza, na mkono bado unakwenda, kama anayepaka chokaa ukuta na hataki alama ya brashi. Kumchukia nilimchukia, lakini alipiga vizuri.

Lakini penye wale wawili wa kwanza alikuwa amekosa mbili, basi mwisho wa hesabu tulibaki wawili sawasawa, yeye na miye.

"Sasa shamba lenyewe," akasema mzee. Akamsimamisha yule mama wa bati mbele ya waya, katikati. Tumbili atakimbia, atapita nyuma ya mama, atatokea. Kila mmoja ana plombi mbili. Anayempiga mama yuko nje, hata kama ameua tumbili wote wa Katanga.

Sasa sikiliza miye nilikuwa wapi. Mama mkwe alikuwa amekuja na mke wangu, wakakaa nyuma yetu pamoja na wanawake wengine. Kwa heshima nikaenda kukaa mbali, nimewapa mgongo wao na uwanja pia, ninatazama mchwa. Kwa hiyo sikuona lililofuata, nilisimuliwa.

Mzee alimtazama mama wake wa bati, akasema, "Huyu eko uchi. Muntu atamutofautisha na tumbili namna gani? Bamama, moja anisaidie kikwembe."

Mama mkwe alisimama kabla ya wote. Alivaa viwili, kama wanawake wa heshima wanavyovaa, akafungua cha juu, akakipeleka mwenyewe. Alitaka nishinde! Ninaapa. Alifikiri hivi: mkwe wangu akiona nguo yangu, ataikwepa kama moto, basi hatampiga mama. Wazo zuri kabisa. Lilikosa kitu kimoja tu.

Fundi alianza. Ya kwanza ikaingia kilimani. Ya pili ikapiga nguzo. Alizaa tumbili, lakini mkono wa mzee hakuuzaa yeye, na mzee alivuta kama mtu mwenye kwikwi.

"Kamba iko mubaya!" akalia fundi.

"Kamba iliomba kazi?" akasema muuza mihogo.

Basi nilihitaji moja tu. Na nilikuwa nimeshaona siri mzee alipojaribu kamba, kabla sijaenda kwa mchwa wangu. Kila mara tumbili akitokea kushoto kwa yule mama, anasimama kidogo, kwa sababu pale mzee anabadilisha mkono kwenye kamba. Mwisho wa bembea! Moyo ulicheka. Nikachukua bunduki, nikageuka, nikainua, nikatazama juu ya mtutu, nikaona kijani. Nikaona miavuli.

Mahali pa kungojea palikuwa ubavuni kwa mama mkwe.

Mtutu ulishuka peke yake. Tumbili akapita, akasimama, akanitazama na jicho lake la msumari, akaenda zake. Kidole kikabonyeza kwa woga, plombi ikaingia ardhini karibu na kiatu changu.

"Unalinda sisimizi?" akauliza fundi. Uwanja ukalipuka.

Sikio langu likasikia kikohozi ninachokijua, halafu sauti:

"Ambia bwana yako apige."

Mke wangu alisimama katikati ya uwanja, maskini, akageukia kwangu. "Mama anasema upige."

"Mwambie mama," nikasema, nikitazama mawingu, "ile nguo iko yake."

"Mama, anasema ile nguo iko yako."

"Ninajua iko yangu, nilinunua minye! Muambie mule ndani siko. Mule iko bati!"

"Anasema mule iko bati."

"Nimesikia. Mwambie bati nimeiona. Ila kunyosha bunduki penye kikwembe cha mama mkwe, babu zangu watanipiga kofi."

"Mama, anasema babu zake..."

"Babu zake balikulaka nini mbele ya kufa? Heshima? Balikulaka bukari!"

Uwanja mzima ulikuwa umelala chini kwa kicheko. Shimoni mzee akatoa kichwa: "Kamba inanikata mikono! Ukoo umalize kusema!"

Nikamtuma mke wangu amwombe mzee kikwembe kibadilishwe. Mzee akakataa, maana fundi alipiga na kile kile, na haki ni haki. Alisema kweli. Yule fundi ni mtu wa mbali na kabila la wakwe zangu, kwake ile ilikuwa rangi tu.

Basi nikainua. Nikapeleka mtutu kushoto kwa miavuli, kidole kimoja nje yake, vizuri kabisa, mikono ya ponti haikunisaliti. Nikasikia waya unalia, tumbili anakuja. Na pale pale, anapoingia nyuma ya mama, macho yangu yakainama yenyewe. Hayakuniuliza. Miaka kumi na moja yamefundishwa, yanapoona kikwembe kile yanatazama chini. Kichwa kikafuata macho, bega likafuata kichwa, mtutu ukafuata bega, na nikabonyeza.

Ting.

Niliinua macho nikitumaini. Tumbili alikuwa mzima. Mwavuli mmoja mwekundu, wa mbele, ulikuwa na tundu.

"Umeua mama," akasema mzee, na sauti yake haikuwa mbaya. Ilikuwa ya mtu aliyekwisha kuona siku nne bila palizi. Akampa fundi bunduki. Fundi alishinda bila kugusa kitu! Akanipigapiga mgongo, akasema, "Shemeji, nitakutumia mahindi." Hakutuma.

Mama mkwe alikwenda kuchukua nguo yake. Nilimsikia anaikung'uta. Nilijiandaa kusikia laana, nikasikia kicheko, kicheko kikubwa cha tumbo, na akawaambia wanawake, "Tazameni, mukwe yangu amenitobolea dirisha." Halafu akakohoa, akawa mama mkwe tena.

"Ambia bwana yako. Yenga imefika."

Mke wangu akanitazama. Hakurudia, wote tulisikia.

Nilifikiri kidogo. Nyumbani kulikuwa na nini? Jiko, sufuria mbili, na kazi ya kupuliza. Watoto walikuwa Kakanda. Mke sasa hivi atakuwa Kakanda. Mtu anayekaa ukweni anasemwa, najua, wanasema ameolewa yeye. Wacha waseme.

"Mwambie mama," nikasema, "njia ya Kakanda ninaijua. Nitatangulia, asinione mbele ya macho yake ila kisogo."

"Mama, anasema anatangulia."

Nikasikia anafunga kikwembe chake.

"Muambie," akasema mama mkwe, "asitembee mbio. Minye goti inauma."

Wao wakapitia nyumbani kuchukua sufuria. Miye sikupitia. Nikavuka uwanja, nikapita kilima cha taka, nikashika barabara, polepole kwa ajili ya lile goti, na Panda sikuirudia tena.