Kiti cha Kulia

Dalali wa mnada hapa Bakoba amefungua mlango wa gari la mbio la Kijerumani, la zamani. "Ingia mzee," anasema, "kiti cha abiria bado kizima kabisa." Harufu ya ngozi na petroli imenifikia kabla sijainama.

Siku ile ya utotoni nilibanwa nyuma ya kiti kama hicho, nimeshika kichwa cha baba kisianguke. Alikuwa amefariki asubuhi, hospitalini mjini. Baba mdogo alimfunga kitini kwa kanga, akamvika kofia yake, kisha akashika usukani na kuniambia, "Mgonjwa haulizwi njiani, maiti huulizwa. Lazima leo alale nyumbani, kwenye kibanja chake. Shika vizuri." Shingo ilikuwa ya baridi, na kila shimo la barabara lilinimwagia uzito wake wote mikononi.

Gari lilikuwa halijawahi kufika kwetu Muleba. Baba alilinunua mjini kabla ya kuugua, akamwahidi bibi kwamba atalileta mwenyewe.

Usukani wake ulikuwa kushoto, jambo ambalo bibi hakuwahi kuliona maishani. Alikuwa akipalilia migomba tulipokata kona, akamwona mwanawe ameketi upande wa kulia, wima, na kofia kichwani. Akatupa jembe. Akapiga vigelegele, akamwita mama aliyekuwa jikoni akimenya ndizi.

"Njoo uone! Amepona! Anaendesha mwenyewe!"

Nikakishika kichwa kwa nguvu zaidi, kisije kikainama.