Mbolea ya Mstari wa Mwisho

Shambani kwetu Gakindu, mstari wa mwisho wa mibuni ulizaa kuliko mingine yote. Mama hakuugusa. Alituachia sisi watoto tuuchume, yeye akaupa mgongo. Ndugu zake wawili, waliopigwa risasi na askari wa mkoloni, walifukiwa pale bila jeneza wala maombi, kisha mibuni ikapandwa juu yao.

Baada ya uhuru, bwana shamba aliwaleta wakulima waje wajionee. Kahawa kama hii, akasema, ndiyo itajenga nchi.

“Mama, hapa mnaweka mbolea gani?”

Mama alimtazama mpaka nikaogopa atamwambia.

“Ya ng’ombe tu.”

Mjinga yule akaandika kwenye daftari. Hakuuliza zizi liko wapi. Hatukuwa na ng’ombe hata mmoja.