Saa Nzima Bila Kuonja

Wanafunzi ndio waliombandika jina la Kamanda, na likamkaa. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa mpishi mkuu wa shule ya bweni yenye wanafunzi mia sita, na akikemea jikoni, walioko mabwenini walijifunika shuka. Kisha tezi ya shingo ikavimba ikaanza kumkaba. Madaktari wakaitoa yote, wakamrudisha kazini na kovu jembamba, sauti ya kukwaruza na vidonge vidogo vya kumeza kila siku ya maisha yake.

"Vinafanya kazi iliyokuwa ikifanywa na tezi," muuguzi alimweleza. "Meza ukiamka, kwa maji matupu, kisha kaa saa nzima bila kula."

Kamanda alifuata, au ndivyo alivyoapa. Miezi sita ikapita, na badala ya kupata nguvu akawa hoi bin taabani. Alihisi baridi mbele ya moto. Viatu vilimbana. Juu ya uchovu huo wote hakutulia: akikaa anataka kusimama, akisimama anatafuta pa kukaa. Daktari aliongeza dozi mara mbili, vipimo vikabaki palepale.

Jikoni mambo yakaenda mrama. Uji ulirudi nusu sufuria kila asubuhi, na Kamanda akawalaumu watoto wa siku hizi kwa kudeka. Hatimaye matroni, mwanamke mpole wa maneno lakini asiyerudi nyuma, akamwita pembeni.

"Mama, nakupa wiki nane. Ukiwa bado hivi, msaidizi wako atashika jiko. Wewe utachambua mboga."

Kuchambua mboga! Alirudi jikoni amefura. Msaidizi wake, mwanamke mkimya, alimpisha njia na kumwita dada mkubwa kwa heshima zote, na heshima hiyo ndiyo iliyomchoma. Nani asiyejua kwamba alikuwa anakimezea mate kile cheo?

Alirudi kliniki, na safari hii daktari aliweka kalamu chini.

"Mama, nielezee asubuhi yako tangu unapoamka."

"Naamka saa kumi alfajiri. Nameza kidonge. Nawasha moto, nabandika uji wa maziwa, naonja..."

"Unaonja?"

"Naonja sukari. Halafu chumvi. Halafu kama maziwa hayajaungua."

"Vijiko vingapi?"

"Kumi, kumi na viwili. Lakini sili kitu, daktari! Chai yangu ni saa nne."

Daktari alicheka, akaona mwenzake hacheki, akakoma. "Huko ni kula, mama. Maziwa yanaizuia dawa isiingie mwilini. Unaimeza, halafu unaifungia mlango."

"Kuonja si kula! Muulize mpishi yeyote."

"Basi amka saa tisa."

"Nitalala saa ngapi?"

"Basi mwingine aonje."

Mwingine alikuwa mmoja tu. Kesho yake Kamanda alimeza kidonge, akapika kwa vipimo vyake vya siku zote, akamkabidhi msaidizi kijiko kama anayekabidhi funguo za nyumba.

"Onja. Na useme kweli."

Akapanga vifuniko, akavipangua. Akafuta meza safi. Ulimi ulimwasha, na hofu ilikuwa imemjaa tele: huyu akisema uji uko sawa wakati hauko sawa, atakayelaumiwa ni Kamanda, na mboga zinamsubiri.

Msaidizi alionja, akakitazama kijiko.

"Sema basi!"

"Dada mkubwa, sukari imezidi. Inazidi tangu ulipotoka hospitali. Ukiacha kutazama naongeza maji, lakini sufuria zote siziwahi."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa unaonja mwenyewe. Ningekuambia nini?"

Wakaongeza unga na maziwa. Asubuhi ile sufuria zilirudi zimekwanguliwa, na matroni akazifuata akitabasamu.

"Naona mpishi mkuu wetu amerudi!"

Msaidizi aliinama akasugua mwiko uliokwisha kusuguliwa. Kamanda angeweza kuitikia tu, mambo yakaisha. Akakohoa.

"Ameonja yeye. Ulimi wangu umeharibika, na mimi nilikuwa nawasingizia watoto. Ukitaka kumpa jiko leo, sababu unayo."

Matroni aliwatazama wote wawili. "Nilisema wiki nane," alijibu, akaondoka.

Msaidizi aliuweka mwiko chini.

"Mimi hilo jiko silitaki, dada mkubwa. Miezi sita nadamka nikija mbio, nikidhani nitakukuta umeangukia motoni."

Kamanda alifungua mdomo amkaripie, kwa mazoea tu, kikatoka kilio.