Nyimbo za Filamu Asizozitazama

Mukhisa alikuwa na duka la muvi mjini Kitale, kwenye kichochoro cha nyuma ya soko, na kama kuna mtu aliyewahi kuuza filamu nyingi bila kutazama hata moja hadi mwisho, ni yeye. Msidhani natia chumvi. Ukimkuta amekodolea kompyuta macho ungedhani kisa kimemkolea. Kisa gani? Alikuwa anaruka. Anaiburuta filamu mbele, anategea sikio, anaiburuta tena, na mahali watu wameanza kuimba ndipo anaposimama. Anakata wimbo, anauhifadhi, anahamia filamu nyingine.

Kwa kazi hiyo ndivyo zilivyozaliwa albamu zake, alizoziita Machozi ya Filamu na kuzipa namba. Watu walizipenda, tusimnyime haki yake. Filamu ya Kihindi inakula nusu ya siku, na nani ana nusu ya siku? Albamu inakupa utamu wake huku unapiga pasi. Mafundi cherehani walikuja na flashi, akina dada wa saluni wakaja, madereva wa malori ya mahindi wakaja. Dukani kote alikuwa akisikika mtu fulani akimlilia mtu fulani kuanzia asubuhi.

Rotich, fundi wa simu wa mlango wa pili, ndiye tu aliyekuwa na neno.

"Bana, hii ya tatu si ndiyo ya ule msichana alipofuka macho siku ya harusi? Nikiisikia nashindwa kufanya kazi."

"Ndiyo hiyo," Mukhisa alijibu, na hakuwa anajua hata kama kulikuwa na msichana.

"Lakini umezipanga vibaya. Ya mazishi iko mbele, ya watu kukutana mara ya kwanza iko nyuma. Na hii ingine haiko kwa hiyo muvi kabisa. Mtu akisikiza zote pamoja zinafanana, hata kilio inaisha."

"Kasitoma hawaulizi hizo," Mukhisa alisema, akacheka.

Wala hakujua kwamba Rotich hakuwa akiulilia wimbo. Alikuwa anamlilia yule msichana.

Sasa, ndivyo mtu huyu alivyokuwa hata kwa mambo mengine. Kukaa kulimshinda. Baba mkwe wake, mzee Wepukhulu wa Sirisia, alipolazwa hospitalini Lugulu, Nelima binti yake alikuwa akienda kila Jumapili na chupa ya uji, na kila Jumapili mumewe alikuwa na sababu. Mara duka, mara mvua, mara mtu wa stima anakuja. Kutoka Kitale hadi Lugulu si kwenda Ulaya. Ukweli ni kwamba aliogopa kuketi kando ya kitanda bila kujua aseme nini. Mzee alikufa bila kumwona. Siku ya mazishi Mukhisa alifika na suti, akapigwa picha karibu na jeneza, na kabla ya jioni alikuwa amesharudi mjini.

Hakuna aliyemgombeza. Na hapo ndipo aibu ilipomshika, kwa sababu wakwe hawakutukani. Wanakuamkia vizuri, halafu chai yako inaletwa mwisho. Kumwomba mama mkwe msamaha pia hakuweza. Kwao mwanamume na mama mkwe wake hawapeani mikono, hawaketi mahali pamoja, na neno lolote kati yao hupitia kwa mtu mwingine. Zamani mama mkwe huyo, mama Agneta, alikuwa akimtumia maneno kupitia Nelima: mwambie apunguze kujichosha, mwambie mahindi yako tayari aje achukue. Tangu mazishi hakutuma hata salamu. Mukhisa alikuwa akimuuliza mkewe kila akitoka Sirisia, "Mama amesema nini?" Nelima anamjibu, "Hajasema kitu."

Basi familia ilipotangaza kwamba kaburi limejengewa na kutakuwa na ibada ya ukumbusho, Mukhisa alijitolea kuleta spika na muziki. Alitaka kitu kimoja tu duniani: mama mkwe amtumie neno.

Alitengeneza albamu ya pekee. Akachagua nyimbo za majonzi tupu, na katikati akaweka ule aliouona kuwa mfalme wa zote. Alikuwa ameukata kwenye filamu ya Kihindi ambayo vijana walikuwa wakiimiminikia kwenye vibanda vya video. Lugha yenyewe haijui, lakini macho anayo. Aliona picha ya mzee imevishwa shada la maua, watu wamevaa nyeupe, na kijana analia mpaka anashika nguzo asianguke. Kijana huyo anamwita mzee yule baba mkwe. Hayo dijei anayetafsiri filamu kwa Kiswahili aliyataja wazi. Mukhisa alisikia mwili ukimsisimka. Mkwe anamlilia baba mkwe! Ungetafuta nini kingine?

Siku yenyewe tenti ilijaa. Mhubiri alipomaliza, Mukhisa alichukua maikrofoni.

"Wimbo huu," alisema, "ni wa mkwe anayemlilia baba mkwe wake. Mimi sina maneno mazuri. Nimeuchagua useme yale yaliyo moyoni mwangu."

Akabonyeza. Sauti ikapanda polepole, tamu ajabu, na kwa muda mfupi alijiona amefaulu. Halafu huko nyuma kijana mmoja akaguna. Mwingine akamwegemea jirani yake na kumwambia jambo, jirani akashika mdomo. Minong'ono ikatembea safu kwa safu mpaka mbele walikoketi wazee, na wazee wakaanza kugeuka mmoja mmoja kumtazama Mukhisa. Si kwa hasira. Walimtazama kama mtu aliyeingia kanisani bila shati.

Shemeji yake Sifuna, kaka mkubwa wa Nelima, akaja akamshika mkono. "Mulamwa, shemeji yangu, zima."

"Kwani kuna nini?"

"Zima kwanza."

Akazima. Sifuna akampeleka nyuma ya tenti.

"Hiyo muvi umeiona?"

"Nimeiona."

"Ukaona huyo mkwe ndiye aliweka mzee sumu kwa maziwa? Ati achukue shamba la miwa. Hizo machozi ni za uwongo, bana. Sirisia yote inajua. Na wewe unasema ndiyo yako ya moyo."

Mukhisa alihisi uso ukimwaka moto hadi masikioni. Alitaka kusema kwamba hakuwa ameitazama, akaona kusema hivyo ni kuongeza aibu juu ya aibu. Ni nani ataamini kwamba muuza muvi hajui muvi? Akabaki hapo nyuma peke yake akizungusha waya wa spika mkononi, akiomba ardhi immeze. Mbele, akina mama walikuwa wameanza wimbo wa kanisa kwa midomo yao wenyewe, bila mashine ya mtu.

Chakula kilipogawiwa ndipo Nelima alipomjia. Hakuwa amekasirika, na hilo lilimtisha zaidi.

"Mama ametuma neno," alisema.

"Amesemaje?"

"Hiyo filamu mama anaijua. Walikuwa wanaitazama na baba kule wodini, kwa simu yangu. Simu ikaisha chaji kabla ya mwisho. Nikataka kuwatafutia tena Jumapili iliyofuata, baba akakataa. Akasema wacha, mkwe wangu ndiye anauza hizi vitu. Akikuja ataketi hapa anieleze inaishaje."

Mukhisa aliacha kuuzungusha waya.

"Kila nikiingia alikuwa anatazama nyuma yangu kwa mlango," Nelima alisema.

"Si ungeniambia?"

"Nilikuwa nakuambia twende. Hiyo haikutosha?"

Mukhisa akauweka waya chini.

"Mama anasema kaburi ni hilo," Nelima aliendelea. "Uende umweleze sasa."

Neno la mama mkwe halikataliwi. Mukhisa alivuka uwanja watu wote wakimwona. Mama Agneta alikuwa mlangoni pa jikoni, amegeuza uso upande kama desturi inavyotaka, lakini hakuondoka. Kaburi lilikuwa kando ya migomba, saruji yake bado mpya, jina la mzee limechongwa vizuri. Alivua kofia, akasimama. Akayatafuta kichwani yote aliyoyaona katika filamu ile na akapata shada la maua, mavazi meupe na kijana ameshika nguzo. Zaidi ya hapo alikuwa ameruka.

"Nelima," alinong'ona, machozi yakimlenga, "inaishaje?"

"Si mimi niliyekuwa nangojewa," Nelima alisema, akarudi jikoni kwa mamake.