Nyungunyungu wa Mpira

Mwaka ule wa vita vya shifta, askari walipowaswaga mbuzi wetu wote na kumweka mume wangu kizuizini, mimi binti wa wafugaji nilianza kuvua samaki. Nalisema leo nikiwa mzee, na uso bado unanichoma. Kwetu Garissa, mfugaji aliyekula samaki alihesabiwa kuwa amefilisika hadi heshima.

Aliyenifundisha ni jirani yangu, mwanamke wa jamii ya wavuvi wa Mto Tana. Tulizungumza Kiswahili cha kuokoteza. Siku ya kwanza alinipa nyungunyungu hai nimtunge kwenye ndoana, nikaruka nyuma.

"Abaayo, dada yangu, hii mdudu mimi hapana shika. Walaahi, bora kufa."

"Ukifa, watoto wako watakula nini?" akacheka.

Kesho yake alikuja na tyubu kuukuu ya baiskeli. Akaikata vipande vyembamba kama nyungunyungu, akavipaka matumbo ya samaki, akanionyesha: ncha ya ndoana iingie kichwani, itokee shingoni, ndoana igeuzwe, kisha ncha izamishwe tena ndani ya mpira isinase kwenye mizizi. Yangu ilinasa kila mara. Mwishowe akawa ananitungia yeye na kuniachia mshipi tayari chini ya mkuyu ukingoni. Wanangu watatu wakaacha kulia njaa.

Asubuhi moja mama mkwe akaingia ghafla. Alikuwa ameshaapa kwamba akiona nimeiaibisha nyumba ya mwanawe, atawachukua wajukuu wake. Akanusa hewa.

"Hapa kunanuka samaki?"

Jirani yangu alikuwa uani, kambare wawili mkononi, ametuletea.

"Ni huyu," nikasema kwa Kisomali, kidole kimemwelekea. "Anatuletea uvundo wake. Nimemkataza kukanyaga hapa, hasikii."

Kisomali hakukisema, lakini alikielewa, na nilijua anakielewa. Aliniangalia kidogo tu, akainamisha kichwa.

"Nisamehe, mama," akamwambia mama mkwe, akaenda zake na kambare wake. Shukrani ya punda ni mateke, na punda siku ile nilikuwa mimi. Mama mkwe akanisifu kwa kuilinda nyumba, akaondoka bila watoto.

Alasiri nilishuka mtoni nikiwa na maneno ya kuomba radhi. Hakuwepo. Mshipi wangu ulikuwa chini ya mkuyu kama kawaida, na nyungunyungu mpya wa mpira ametungwa, ncha imefichwa vizuri. Nyumba yake haikuwa mbali. Ningeweza kwenda. Badala yake nikautupa mshipi majini, nikavua, watoto wakala.

Aliendelea kunitungia miezi yote iliyofuata, bila kukanyaga tena uani kwangu. Nami kila siku nilisema nitamwomba radhi kesho. Halafu mume wangu akaachiliwa. Akawatazama watoto, wamenenepa kuliko alivyowaacha, akauliza ni nani aliyetulisha.

"Mungu tu," nikamjibu.