Malkia wa Nyoka Asiyeinamisha Macho

Saa tatu asubuhi Besna Aydar anachora kope. Uso bado haupo, wala kichwa. Mezani kuna kioo kitupu, na kope chache zinaelea katikati yake.

"Macho kwanza," anasema bila kunitazama. "Halafu ngozi, magamba, na mwisho kabisa rangi ya nyuma. Ukikosea jicho, utajua ukigeuza kioo, na hapo umeshachelewa."

Besna, mwenye umri wa miaka 58, huchora malkia wa nyoka kwa nyuma ya kioo, katika karakana ya kichochoro cha mafundi shaba mjini Mardin, Uturuki: juu mwanamke mwenye taji, chini nyoka. Wanaume humnunua kwa ajili ya kifua, wanawake kwa ajili ya taji. Mji mzima unalijua hilo na hakuna anayelisema.

Kwa miaka thelathini macho na kifua vilikuwa kazi ya mumewe, Ferhan. Besna aliachiwa magamba. Ferhan alimwinamisha malkia macho kila mara. Alimwambia mkewe kwamba mwanamke anayekukazia macho hanunuliki, na mauzo yalionyesha hakukosea.

Ferhan alifariki miaka minne iliyopita. Wana wao wawili wako Izmir. Hupiga simu Ijumaa, wakikumbuka. Besna alipochora uso peke yake kwa mara ya kwanza, alidhani ameyainamisha macho kama alivyofanya marehemu. Alipogeuza kioo, malkia alikuwa akimtazama usoni.

"Niliogopa," anasema. "Kisha nikakaa, tukatazamana mpaka chai ikapoa."

Tangu siku hiyo hachori macho mengine, na wateja wamepungua. Mchoro mkubwa ni lira elfu tatu. Mwezi uliopita aliuza mmoja tu. Aliyebaki ni Nezir, rafiki wa marehemu, mwenye hoteli ya vyumba kumi na viwili, anayetaka malkia katika kila chumba. Wiki iliyopita nilikuwepo alipoingia kurudisha ule wa kwanza.

"Shemeji, mgeni wangu kaugeuzia ukutani. Anasema hawezi kuvua shati huyu akimwangalia."

"Basi alale nalo."

"Sitanii, shemeji. Inamisha macho, ongeza kifua kidogo, kama alivyokuwa akifanya marehemu. Nachukua michoro yote kumi na miwili."

Nezir si mtu mbaya. Alikunywa chai, akauliza habari za watoto, akampa mpaka Jumatatu. Bila hoteli yake karakana itafungwa kabla ya theluji, na Besna analijua hilo kuliko mimi.

Jumatatu ndiyo leo. Namuuliza atamjibu nini, na papo hapo naona aibu kwa kuuliza.

"Nimeshampigia. Nimekataa." Anafuta brashi kwenye kitambaa. "Wewe nyumbani una watu? Basi hutanielewa. Mimi siku nzima inapita, hakuna jicho hata moja linalonitazama. Na mimi natamani kutazamwa. Sasa nimwinamishe macho na huyu?"

Mwisho wa mwezi atarudisha funguo za karakana na kuanza kuchorea jikoni kwake. Kioo cha leo hakiuzwi. Mjini hapa malkia hutundikwa chumbani kwa bibi harusi, lakini Besna aliolewa bila kutundikiwa malkia. Wakwe walisema fundi atamchorea mkewe akipata nafasi. Ferhan hakuipata.

Msumari ameshaupigilia, anasema, ukutani mkabala na mto wake.