Ngozi ya Sufuria

"Shangazi, mbona lehemu inashika shaba, lakini sufuria haitaki?"

Aliyeuliza ni binti wa kaka yake, wakati huo bado wa shule ya msingi, amechuchumaa karibu na jiko la mkaa nusura aunguze nyusi. Shangazi alitupa jicho ng'ambo ya barabara, akasonya.

"Kawaulize wenye dawa zao."

Ng'ambo kulikuwa na kibanda cha mdogo wake wa kike, ambaye Shangazi mwenyewe ndiye aliyemfundisha kazi. Shangazi alikuwa fundi wa shaba: birika, mabomba, rejeta za magari. Lehemu ikiyeyuka juu ya shaba yake ilitandaa yenyewe na kumeta. Lakini watu wanapikia sufuria za alumini, na juu ya alumini lehemu yake ilijikunja ikawa vishanga, ikabingirika, ikadondoka. Za mdogo wake zilishika.

Basi wateja wakawa wanampita. Hata fundi cherehani, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, alimpita siku moja amefunika kitu kwa kitambaa.

"Unaficha nini hapo?"

"Kofia, dada yangu."

"Kofia ina mikono miwili?"

Jirani akaongeza mwendo. Shangazi akabaki roho inamchoma kuliko mkaa. Mdogo wake alikuwa na dawa, hilo hakulitilia shaka, na alimnyima makusudi.

Si kwamba yeye alikuwa mvivu. Alisugua sufuria kwa msasa hadi ukaona meno yako ndani yake. Akimaliza, aliinua kichwa aone nani kaingia ng'ambo, akamsema kidogo, ndipo akashika lehemu. Ikabingirika.

Binti alipofika sekondari alikuja mbio, mkoba bado mgongoni. "Shangazi! Leo mwalimu wa kemia kasema alumini huipa oksijeni elektroni zake, zikashikana kweli kweli, ikawa ngozi nyembamba isiyo metali. Metali kwa metali, elektroni zinaelea huku na huku, zinachanganyika. Lakini ile ngozi inazishika zake, haichangii mtu! Ndiyo maana lehemu haipati pa kushika."

"Na huyo mwalimu sufuria zake anaziba wapi?"

Binti akainama. "Kwa shangazi mdogo."

"Haya. Nenda kale."

Lakini maneno yale hayakumtoka. Kama ngozi ndiyo adui, mbona yeye alikuwa akiichuna kwa msasa kila siku? Asubuhi alichukua sufuria yake mpya, akaitoboa kwa msumari, akavuka barabara akiwa amenuna kama anakwenda msibani. Leo angeiona dawa hiyo kwa macho yake.

Mdogo wake aligeuza sufuria, akapitisha kidole kwenye tundu, akacheka hadi akashika ubavu. "Dada! Sufuria iliyochakaa haitoboki hivi. Hili tundu lina midomo. Umelipiga msumari!"

"Ziba, usinichunguze."

"Kaa basi."

Alipasha sufuria moto, akaweka tone la mafuta mazito juu ya tundu, akayeyushia lehemu humo humo. Kisha, chini ya ile lehemu, ndani ya mafuta, akaanza kukwangua kwa ncha ya chuma. Kwaru, kwaru. Lehemu ikatetemeka, ikatulia, ikatandaa.

Shangazi alikodoa macho. "Dawa iko wapi?"

"Dawa gani? Mafuta yanazuia hewa, basi. Ukikwangua pakavu, hata kope hujapepesa, ngozi imesharudi."

"Miaka yote hii hukuniambia!"

"Dada, miaka yote hii umenisalimia lini?"

Shangazi aliinuka. Alichukua sufuria yake, ikiwa bado moto, akaishika vibaya, akaungua, na hakulalamika.

Jioni binti alimkuta kibandani, amekaa ameipa barabara mgongo. Mbele yake kulikuwa na kikopo cha mafuta na sufuria kuukuu. Lehemu ilikuwa imetandaa, bapa, inameta. Binti akapiga kelele, akaligeuza swali lake la zamani: sasa inashika au haishiki?

Shangazi hakuinua kichwa.

"Inashika, mwanangu. Ila usiiache na hewa hata kidogo. Hewa ina wivu kunishinda mimi."